Haba na haba ya kila mwezi ilivyookoa boma la shangazi

MWAKA wa 2009 shangazi yangu alinitumia salamu kupitia kwa utingo mmoja wa matatu. Alitaka nimtafutie mjukuu wake kazi ya nyumbani mjini Mombasa. Msichana mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 11, tena yuko darasa la tano.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa diploma ya uandishi wa habari, nikiishi katika chumba kimoja cha kupanga. Ilisadifu kwamba mama mwenye nyumba alikuwa akitafuta msichana wa kazi. Nilipomweleza habari za mtoto yule alifurahi sana, akasema watoto wa mashambani hawana mambo mengi.

Nami, Mungu anisamehe, niliona nimepata dawa. Mtoto angekula ashibe, na nyanya yake angetumiwa Sh1,000 kila mwisho wa mwezi. Tulikubaliana aje baada ya wiki mbili.

Msichana yule hakuja. Kilichomzuia si busara yangu, wala si askari wa kulinda haki za watoto. Kilichomzuia ni Sh3,000 ambazo shangazi alizipokea posta siku chache kabla ya safari.

Hizo ndizo pesa ninazotaka tuzungumzie leo, msomaji. Si nyingi. Wengi wetu hapa mjini tunaweza kuzimaliza jioni moja kwa nyama choma na soda za watoto. Lakini kwa vile zilikuja, zikaja tena, na zikaendelea kuja, ziligeuza mambo katika boma ambalo sote tulikuwa tumelikatia tamaa.

Watoto watatu na jembe moja

Shangazi anaishi upande wa Kinango, Kwale, mbali kidogo na barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Anayepita huko kwa basi huona vichaka, mibuyu na magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya lami yakingoja wanunuzi. Magunia hayo ni hadithi tosha ya maisha ya huko. Mvua inapokosa, na hukosa mara kwa mara, mahindi hukauka yakiwa na urefu wa goti, na watu hugeukia miti.

Mumewe alifariki zamani. Mwaka wa 2007 binti yake naye aliaga dunia, mwaka mmoja tu baada ya baba watoto kuzikwa. Wajukuu watatu wakabaki mikononi mwa mwanamke aliyekuwa akikaribia miaka 60: msichana aliyekuwa na miaka tisa, mvulana wa miaka sita na kitinda mimba wa miaka miwili.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi jamaa tulilia matangani, tukachanga, tukala, kisha kila mmoja akarudi kwake. Shangazi akabaki na watoto watatu na jembe moja.

Alipanda mahindi na kunde. Zilipokosekana alichoma makaa. Mvulana aliacha kwenda shule siku za Alhamisi na Ijumaa ili amsaidie kukata miti na kulinda tanuri. Msichana aliteka maji kwenye silanga, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nyingine kurudi. Kitinda mimba alikuwa mwembamba, tumbo limemtoka mbele, na nywele zimekuwa nyekundu kama za mtoto aliyechezea vumbi.

Kiangazi cha 2009 kilipokaza, sufuria ilipanda mekoni mara moja kwa siku. Hapo ndipo shangazi alipofikiria kumtoa mjukuu mmoja. Hakumtoa kwa kutompenda. Aliona vinywa vikipungua, na pesa kidogo zikirudi, wale wawili wataishi. Ni hesabu ya kikatili, lakini mabomba yanapokauka na ghala likiwa tupu, ni hesabu ambayo familia nyingi huifanya.

Jina lasomwa barazani

Mpango uliomfikia shangazi ulikuwa wa serikali, wa kuzisaidia familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Ulianza kwa majaribio mwaka wa 2004 kwa msaada wa UNICEF, wakati ugonjwa wa Ukimwi ulipokuwa umeacha nyanya wengi wakiwa walezi kwa mara ya pili maishani. Familia 500 hivi za Nairobi, Garissa na Kwale zilichaguliwa, kila moja ikipewa Sh500 kwa mwezi. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi Sh1,500, kisha Sh2,000, na mpango ukaenea kote nchini.

Waliotakiwa ni maskini walio na yatima au mtoto mwenye shida aliye chini ya miaka 18. Kamati ya kijiji iliandika majina, maafisa wakaja kuhoji, na mwisho orodha ikasomwa barazani mbele ya watu wote ili mwenye neno aseme.

Shangazi ananiambia siku hiyo alikaa nyuma kabisa, chini ya mwembe, kwa kuwa hakuamini. Amewahi kuandikwa mara nyingi kwa mambo ambayo hayakufika: mbegu, vyandarua, hata ng'ombe wa maziwa. Jina lake liliposomwa, aliyeshtuka zaidi ni yeye.

Hata hivyo, kuna aliyelia siku hiyo. Jirani yake wa karibu, hohehahe kama yeye, hakuingia. Watoto wake walikuwa sita, njaa ni ile ile, lakini baba yao alikuwa hai, ingawa alikuwa ameondoka miaka mingi bila kuonekana. Wajukuu wa shangazi walipokula, watoto wa jirani walikuja kusimama mlangoni. Kwa hivyo sehemu ya unga ule ilivuka ua kila wiki, na hakuna karani aliyeiandika. Hilo nalo ni jambo ambalo wapangaji wa misaada hufaa kulijua: mahali ambapo wote ni maskini, kuchora mstari kati ya maskini na maskini zaidi si kazi rahisi.

Mafungu sita juu ya leso

Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, kwa hivyo Sh1,500 za mwezi ziligeuka Sh3,000 mkononi. Shangazi hakusoma shule, lakini alikuwa na mahesabu yake. Alitandika leso kitandani, akagawa noti na sarafu mafungu sita.

Fungu la kwanza, Sh1,200, lilikuwa la chakula: mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. La pili, Sh600, lilikuwa la shule. Tangu Januari 2003 masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi karo, lakini sare, kalamu, viatu na vikorokoro vingine havikosi. La tatu, Sh400, lilikwenda kwa mwenye duka kupunguza deni. La nne, Sh400, lilikuwa la chama cha akina mama. La tano, Sh200, lilikuwa la mafuta ya taa na dawa. La mwisho, Sh200, lilikuwa nauli ya kwenda posta na kurudi.

Nilipoyaona mafungu hayo kwa mara ya kwanza nilimwuliza kwa nini anaweka pesa kwenye chama hali watoto hawajashiba vizuri. Aliniangalia kwa muda, kisha akacheka.

"Mwanangu," aliniambia, "kula nitakula leo na kesho. Lakini kama najua mwezi wa pili kutoka sasa zinakuja zingine, kwa nini nisipande?"

Neno hilo, kujua, ndilo lililobeba mambo yote. Kabla ya hapo shangazi alikuwa akipata pesa mara moja moja, na hata siku nyingine makaa yalimpa zaidi ya zile za posta. Lakini hakujua lini zitakuja. Mtu asiyejua lini atapata tena hula alicho nacho au huficha chini ya godoro. Hawezi kuahidi, hawezi kukopa, hawezi kupanga.

Chama chao kilikuwa na wanawake 10. Kila mmoja alitoa Sh200 kila mwezi, na mmoja akabeba Sh2,000 zote. Zamani walikuwa wamemkatalia shangazi kwa sababu mchango wake haukuwa wa kuaminika. Sasa walimpokea. Zamu yake ilipofika alinunua mbuzi jike.

Mwenye duka naye alibadilika. Alipokuwa akimwona shangazi anakuja alikuwa akijifanya ana kazi ya kupanga mikate. Baada ya malipo mawili matatu alimfungulia ukurasa wake kwenye daftari. Alijua tarehe ya posta kama anavyoijua shangazi.

Shule, zahanati na mtoto wa kike

Mabadiliko ya kwanza yalionekana kwenye sufuria. Mlo mmoja ukawa miwili, na siku nyingine mitatu. Kitinda mimba alipelekwa zahanati kupimwa uzani, kwani walezi walikuwa wameelezwa kwamba watoto wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa wasikose shule. Baada ya muda nywele zake zilirudi kuwa nyeusi.

Mvulana alirudi darasani siku zote tano za wiki. Shangazi aliendelea kuchoma makaa kidogo wakati wa likizo, kisha akaacha kabisa. Anasema moshi ulikuwa umemmaliza kifua.

Na msichana aliyekuwa aje kuosha vyombo vya mama mwenye nyumba wangu? Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2012. Januari 2013 mbuzi wawili waliuzwa, mimi na binamu zangu tukaongeza kidogo, akaingia kidato cha kwanza katika shule ya kutwa. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2016. Alama zake hazikumfikisha chuo kikuu, lakini zilitosha kusomea ualimu wa chekechea. Leo anafundisha, na wanafunzi wake humwita "Ticha".

Mara nyingi nimejiuliza angekuwa nani kama Sh3,000 zile zingechelewa kwa wiki mbili tu.

Wataalamu waliouchunguza mpango huu hapa Kenya walipata picha isiyo mbali na ya boma hili. Familia zilizopokea pesa zilikula vizuri zaidi, na watoto wao wakubwa waliendelea na shule ya upili kwa wingi zaidi kuliko wa familia zilizofanana nazo ambazo hazikupokea. Aidha, vijana kutoka nyumba hizo walichelewa kuanza mambo ya mahaba. Mzazi yeyote aliyelea msichana ataelewa uzito wa jambo hilo. Binti aliye na sabuni, sodo na nauli hana haja kubwa ya kumsikiliza mwenye pikipiki anayempa lifti.

Je, hawatalewa nazo?

Kila ninapoisimulia habari hii mjini, hakosi mtu wa kuuliza: "Na si watazinywea mnazi?" Mwingine husema maskini akipewa pesa bure atakuwa mvivu.

Maswali hayo si mapya, na yamejibiwa. Mwaka wa 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya matokeo ya uchunguzi 19 kutoka sehemu mbalimbali za dunia kuhusu pesa za msaada, pombe na tumbaku. Kwa jumla hawakuona kwamba wanaopewa pesa huongeza matumizi ya vitu hivyo. Mara nyingine yalipungua.

Kuhusu uvivu, ushahidi uko hapa kwetu. Shirika la GiveDirectly lilianzisha jaribio kubwa katika vijiji vya Siaya na Bomet. Katika vijiji 44, watu wazima wote waliahidiwa takriban senti 75 za dola ya Marekani kwa siku, zikitumwa kwa simu kila mwezi kwa miaka 12. Vijiji vingine 80 vilipewa kiwango hicho hicho kwa miaka miwili tu. Vingine 71 vilipewa pesa kwa mkupuo, na 100 havikupewa ili kuwe na cha kulinganisha.

Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2023 yalionyesha kwamba watu hawakuacha kazi. Wengi waliacha vibarua vya mashamba ya watu na kuanza biashara zao ndogo ndogo. Waliopewa kwa mkupuo walifanya vizuri katika biashara. Lakini walioahidiwa miaka 12 nao walikuwa na ujanja wao: waliziingiza katika vyama vya kuzungushiana, wakapata mkupuo wao wenyewe. Waliobaki nyuma kidogo ni wale wa miaka miwili, ambao walijua kisima kitakauka karibuni.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka shangazi na leso yake. Alikuwa amefika huko kabla ya maprofesa.

Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna mpango mwingine wa kukabiliana na njaa, uliotoa pesa tangu 2009 kwa familia za wafugaji. Zamani msaada wa huko ulikuwa lori la mahindi. Lori lina sifa zake, lakini halijui kwamba mwenye kula hana kuni, au kwamba mtoto anahitaji dawa na si maharagwe. Tena lori la chakula cha bure humwondoa mwenye duka sokoni. Pesa humfanya mwenye duka alete bidhaa.

Doa katika kanzu

Singependa msomaji afikiri pesa hizi ni muujiza. Zina dosari zake, na shangazi ndiye wa kwanza kuzitaja.

Kwanza ni kuchelewa. Mwaka mmoja malipo hayakuja kwa miezi minne. Mwenye duka alifunga daftari. Kwenye chama shangazi alikosa mchango mara mbili, akapigwa faini. Aliuza mbuzi aliyekuwa na mimba kwa bei ya kutupa. Pesa zilipokuja zilikuwa nyingi kwa mara moja, lakini mbuzi hakurudi. Msaada unaopangiwa tarehe ukikosa tarehe yake huwa umepoteza nusu ya thamani, hata ukilipwa wote baadaye.

Pili ni kupanda kwa bei. Kiwango cha Sh2,000 kwa mwezi kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 2022 paketi ya unga wa kilo mbili ilipita Sh200. Piga hesabu mwenyewe: malipo ya mwezi mzima hayakufikisha paketi 10. Huo ndio mwaka ambao ukame uliua mbuzi sita kati ya tisa wa shangazi. Anasema pesa za msaada hazikumwokoa mbuzi hata mmoja, lakini mwaka huo hakuna mtoto wa boma lake aliyeacha shule wala kulala njaa siku mbili mfululizo. Kiangazi cha 2009 hakuweza kusema hivyo.

Tatu ni wajanja. Kuna jamaa wanaojitolea kumsindikiza mzee kwa wakala, kisha wanakata "soda" yao. Wengine huulizia nambari ya siri kwa njia ya simu. Shangazi alipoteza malipo mazima namna hiyo mara moja, na aliyemchezea shere ni mtu wa ukoo.

Isitoshe, pesa haziteremshi mvua, hazichimbi kisima wala hazileti daktari zahanati. Mvulana aliacha shule akiwa kidato cha pili, pesa zikiwa bado zinakuja. Alichoka kufukuzwa kwa karo. Leo ni fundi wa pikipiki, na anajitegemea, lakini shangazi bado anaumia akilizungumzia jambo hilo.

Kitinda mimba ametimiza umri wa utu uzima na amejiunga na chuo cha kiufundi kusomea umeme. Alipopita miaka 18 boma lilitoka kwenye orodha ya mayatima. Shangazi, ambaye sasa ana zaidi ya miaka 70, baadaye aliandikishwa kwenye ile ya wazee.

Aibu yangu na M-Pesa

Kuna jambo moja nimelibakiza, nalo linanihusu mimi na pengine wewe pia.

Nilipopata kazi nilianza kumtumia shangazi pesa kwa M-Pesa. Nilijiona mtoto mwema. Nilimtumia Desemba, nikamtumia Pasaka, nikamtumia siku nilipomkumbuka. Mwaka wa 2013 nilikaa chini nikajumlisha. Nilikuwa nimetuma mara tano, jumla Sh14,000, na Sh6,000 kati ya hizo zilikuwa za Desemba.

Si pesa kidogo kwa mshahara niliokuwa nao. Lakini nilipomwuliza amenunua nini nazo hakuweza kunionyesha kitu. Mbuzi walitoka kwenye chama. Mabati ya nyumba yalitoka kwa mbuzi. Viatu vya shule vilitoka kwenye fungu la pili la leso. Zangu zilikwenda wapi?

"Zako tulikula sikukuu," alisema bila kunificha. "Wewe hunipa kama mvua ya huku kwetu. Siwezi kutoa jembe kwa ajili yako. Nipe elfu moja kila mwezi, tarehe moja, utaona."

Iliniuma, lakini alikuwa amesema kweli. Kuanzia Januari 2014 nimekuwa nikimtumia Sh1,000 kila tarehe tano. Kwa mwaka ni Sh12,000, pungufu ya nilizokuwa nikituma. Kwa pesa hizo aliingia chama cha pili, akanunua tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa. Hivi sasa hakuna mtoto anayekwenda silanga kwa saa mbili.

Tangu siku hiyo hajanipigia simu ya dharura kuomba pesa zaidi ya mara mbili. Zamani kila simu yake ilinishtua, nami, niseme ukweli, nyingine sikuzipokea. Sasa tunaongea habari za mbuzi.

Nawe ufanyeje?

Ikiwa una mama, nyanya au mjomba mashambani anayekutegemea, chagua kiwango unachokiweza hata mwezi mbaya. Sh500 zisizokosa ni bora kuliko Sh5,000 za kubahatisha. Chagua tarehe, mwambie, na usiivunje. Ukijua utakwama, mwarifu mapema ili naye amwarifu mwenye duka.

Usimpangie matumizi. Anayelala kwenye nyumba ndiye ajuaye panapovuja. Mimi ningemnunulia shangazi godoro. Yeye alitaka tangi, na tangi ndilo lililokuwa jambo.

Pia mwulize kama ameandikishwa katika mipango ya serikali. Kuna ya mayatima, ya wazee waliotimiza miaka 70 na ya watu wenye ulemavu mkubwa. Chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii ndio pa kuanzia, akiwa na kitambulisho chake. Mwonye asimpe mtu yeyote nambari yake ya siri, hata awe ni mwana wa ndugu.

Na tusiwafanye watu hawa waone haya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema wazi kwamba dola itawapa usalama wa kijamii wale wasioweza kujitegemea wao na jamaa zao. Kwa hivyo nyanya anayepanga foleni kwa wakala haombi sadaka. Anachukua haki yake.

Mwisho wa mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Yule niliyetaka kumfanya kijakazi alikuwa amekuja pia, na mwanawe wa miaka mitatu mgongoni. Shangazi alitandika leso kama kawaida, akaanza kugawa mafungu. Yamebaki manne tu siku hizi, kwa sababu hakuna tena mtoto wa sare wala deni la duka.

Fungu dogo la mwisho alilifunga kwenye ncha ya leso, akampa mjukuu wake. "La mtoto," alisema. "Na mwezi ujao pia."